Je, Wajua? Kampala Bado Inatoa Kaseti

Kuna wakazi wa Kampala ambao wakitaka nyimbo huenda kibandani na flashi zao, wakajaziwa mpaka zikafurika. Mara nyingi mwanamuziki hapati hata senti. Lakini je, wajua kwamba jiji hilohilo lina lebo iliyojijengea jina kwa kaseti?

Ni Nyege Nyege Tapes (usicheke, jina ni la Kiganda), iliyoanzishwa mwaka 2016 na Arlen Dilsizian na Derek Debru, wageni waliolowea Kampala. Kaseti hutolewa kwa mafungu madogo bila gharama kubwa, na baadhi ya albamu hutolewa pia kwa santuri. Huuzwa hata Boomkat, duka huru la Manchester, Uingereza.

Albamu iliyonivutia zaidi ni Gulu City Anthems ya Otim Alpha, ya mwaka 2017. Alpha alikuwa mwimbaji wa harusi za Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Kukodi kikundi kizima cha wapigaji ni ghali, kwa hiyo yeye na mtayarishaji Leo Palayeng wakaupeleka mdundo wa harusi hizo, larakaraka, kwenye kompyuta. Harusi zikaendelea kunoga, na bajeti ikapumua!

Mwaka huohuo lebo ilitoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli kutoka Dar es Salaam. Lebo dada, Hakuna Kulala, ilifuata, na mwaka 2019 ikatoa albamu ya MC Yallah, anayechana kwa Kiganda, Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza.