Bilauri ya Murano: kabla ya kununua, ujue moto ulioipika

Wengi waliopita Venice, nchini Italia, wamerudi nyumbani na kitu cha kioo ndani ya sanduku: bilauri yenye mistari ya rangi, kibakuli cha peremende, au mkufu wa shanga. Kimeviringishwa kwenye gazeti, kikafichwa katikati ya nguo, kikafika salama, na sasa kimewekwa kwenye kabati la sebuleni ambalo watoto hawaruhusiwi kuligusa. Mgeni akiuliza, jibu huwa ni moja: "Hiki ni kioo cha Murano."

Kwa bahati mbaya, mara nyingi jibu hilo si la kweli. Bidhaa nyingi zinazouzwa kwa jina la Murano katika vichochoro vya Venice hazikutengenezwa Murano, na nyingine hazikutengenezwa Italia kabisa. Anayepata hasara hapo si mnunuzi peke yake. Anayeumia zaidi ni fundi aliye mwendo wa dakika chache tu kwa boti, ambaye tanuru lake linawaka usiku na mchana, na ambaye bei yake haiwezi kushindana na ya kiwanda cha mbali.

Kisiwa kilichopewa moto

Murano ni kundi la visiwa vidogo vilivyounganishwa kwa madaraja, kiasi cha kilomita moja na nusu kaskazini mwa Venice. Mwaka 1291 watawala wa Jamhuri ya Venice waliamuru matanuru ya kioo yaondolewe mjini. Sababu kubwa ilikuwa hofu ya moto, kwani nyumba nyingi za wakati ule zilikuwa za mbao. Hata hivyo amri hiyo ilileta faida nyingine kwa watawala: mafundi wote walikusanyika mahali pamoja, na siri za kazi yao zikawa rahisi kulindwa.

Kioo, kwa asili yake, ni mchanga ulioyeyushwa. Mafundi wa Murano walisaga kokoto nyeupe za mto Ticino, wakazichanganya na majivu ya mimea ya pwani yaliyoletwa kwa merikebu kutoka Shamu. Majivu hayo yalikuwa na magadi, na magadi ndiyo yanayoufanya mchanga uyeyuke bila kuhitaji joto kali kupita kiasi. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili, maana magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya nayo hutumiwa katika viwanda vya kioo.

Katikati ya karne ya 15 fundi Angelo Barovier alifanikiwa kutengeneza kioo cheupe kama maji, katika Ulaya iliyokuwa imezoea kioo chenye ukijani au umanjano. Bilauri za kioo hicho zikawa fahari ya meza za wafalme. Mafundi nao walipewa heshima kubwa, hata binti wa fundi mkuu aliruhusiwa kuolewa na mwana wa ukoo bora wa Venice, na watoto wao wasipoteze cheo cha baba yao.

Lakini heshima hiyo ilikuwa na kamba yake. Fundi aliyehama kwenda kufanya kazi nchi nyingine bila ruhusa alihesabiwa mkosaji. Hata hivyo, wako waliotoroka. Katika miaka ya 1660 serikali ya mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa iliwashawishi mafundi wa vioo vya kujitazamia waende Paris, na ujuzi wa Murano ukaanza kuvuja. Jamhuri yenyewe ilianguka mbele ya majeshi ya Napoleon mwaka 1797, na matanuru mengi yakazimika. Kazi ilifufuka katikati ya karne ya 19, na mwaka 1861 kisiwa kikafungua makumbusho yake ya kioo ambayo yapo hadi leo.

Bilauri ya jioni

Kati ya vyombo vyote vya Murano, kinachoeleza vizuri maisha ya mafundi wenyewe ni bilauri ndogo ya maji inayoitwa goto. Wingi wake ni goti, lakini msomaji asidhani ni goti la mguu. Ni neno la lahaja ya Venice lenye maana ya chombo cha kunywea.

Zamani, kazi ya mchana ilipokwisha, mafundi walichukua mabaki ya kioo cha rangi mbalimbali wakajitengenezea bilauri zao wenyewe. Haikuwa bidhaa ya kuuzwa. Kila mmoja aliichora apendavyo: huyu mistari, yule madoa, mwingine rangi zote zilizosalia. Ndiyo maana hakuna goti mbili zinazofanana.

Kazi yenyewe hufanywa na kikundi. Fundi mkuu huketi kwenye benchi lake, msaidizi yuko pembeni, na mwanagenzi anakimbia kati ya benchi na tanuru. Mchanganyiko huyeyushwa usiku kwa joto la kiasi cha nyuzi 1,400 za Selsiasi, kisha asubuhi joto hupunguzwa kidogo ili kioo kiwe kizito kama asali. Msaidizi huchovya ncha ya bomba refu la chuma, akalizungusha, akatoka na donge jekundu. Hulibingirisha juu ya bamba la chuma lenye vipande vya rangi vikanata, kisha hupuliza kidogo tu, na donge likavimba.

Kuanzia hapo hakuna kupumzika. Bomba likiacha kuzunguka, kioo kitaanguka upande mmoja. Kikipoa, hakifinyangiki tena, inabidi kirudishwe motoni. Fundi hupanua mdomo wa bilauri kwa koleo ambalo umbo lake halijabadilika sana kwa karne nyingi. Chombo kikiwa tayari huingizwa kwenye tanuru jingine lenye joto la nyuzi 500 hivi, kipoe polepole kwa saa nyingi. Kikiachwa kipoe ghafla, hupasuka.

Inahitaji miaka mingi kufikia kukalia benchi la fundi mkuu. Hakuna kitabu kinachoweza kumfundisha mtu ni sekunde gani kioo kimekuwa tayari. Mwanagenzi huangalia mikono ya mkubwa wake mpaka mikono yake mwenyewe ijue.

Shanga zilizofika Unyanyembe

Watu wa kwetu walikijua kioo cha Venice kabla hawajalisikia jina la mji huo. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilibeba vitambaa, nyaya za shaba na shanga, na shanga nyingi kati ya hizo zilitengenezwa Venice na Murano. Ziliuzwa Unguja kwa uzito na zilitumika kama fedha njiani.

Richard Burton, aliyesafiri na msafara mwaka 1857, aliorodhesha aina nyingi za shanga kwa majina yake ya Kiswahili, zikiwemo nyekundu zilizoitwa samesame. Henry Stanley naye mwaka 1871 alieleza jinsi msafiri alivyopaswa kujua mapenzi ya kila nchi: shanga nyeusi zilipokewa Ugogo, lakini kwingineko hazikuwa na thamani. Aliyekosea rangi alibeba mzigo usionunua hata kibaba cha nafaka.

Nyuma ya shanga hizo walikuwepo wanawake wa Venice ambao majina yao hayakuandikwa popote. Walikaa milangoni na vichochoroni, kila mmoja na sinia la mbao lililojaa shanga mapajani, wakishika sindano ndefu nyingi kwa pamoja kama kipepeo na kuzitumbukiza ndani ya shanga ili zijipange zenyewe kwenye uzi. Malipo yalikuwa madogo, kwa kadiri ya kazi aliyomaliza mtu. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliuingiza ufundi wa shanga za kioo wa Italia na Ufaransa katika orodha ya urithi wa binadamu.

Moto unaogharimu

Heshima ya UNESCO ilikuja wakati mgumu. Novemba 2019 maji ya bahari yalipanda sentimita 187, kiwango cha juu kuliko vyote tangu mwaka 1966, yakaingia maduka na karakana. Mwaka uliofuata ugonjwa wa korona uliwaondoa watalii. Kisha, kuanzia mwishoni mwa 2021, bei ya gesi ilipanda mara kadhaa, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vikaongeza makali.

Kwa karakana nyingine, gesi ikipanda mtu huzima moto akasubiri. Fundi wa kioo hana nafasi hiyo. Tanuru likipoa, chungu kilichomo huweza kupasuka, na kuliwasha upya huchukua siku kadhaa. Kwa desturi huzimwa mara moja tu kwa mwaka, mwezi Agosti. Kwa hiyo katika kipindi kile baadhi ya karakana zilisimamisha kazi, nyingine zikabakiza tanuru moja. Serikali ilitoa msaada, lakini kijana anayetafuta kazi ya maisha alikuwa ameshaona jinsi moto wenyewe unavyoweza kuwa deni.

Namna ya kununua

Kwa msomaji anayeishi Italia au anayepanga kupita huko, yako mambo machache ya kukumbuka. Sheria ya mkoa wa Veneto ya mwaka 1994 iliweka nembo rasmi ya kioo cha sanaa cha Murano. Nembo hiyo hubandikwa kwenye chombo, nayo ina namba ya karakana iliyokitengeneza. Si kila fundi halisi amejiunga nayo, hivyo asiye nayo aulizwe jina la karakana na aandike kwenye risiti kwamba chombo kimetengenezwa Murano. Muuzaji mkweli hatasita.

Maneno "mtindo wa Murano" yana maana kwamba chombo hakikutoka Murano. Kadhalika, bilauri sita zilizolingana kama mayai ya trei moja, kwa bei ya chakula cha mchana, haziwezi kuwa kazi ya mkono. Na kama fedha haitoshi kwa bilauri sita, ni afadhali kununua moja ya kweli, au shanga moja.

Ikishafika nyumbani, si lazima ifungiwe kabatini. Wale mafundi waliotengeneza goti za kwanza kwa mabaki ya jioni walikuwa na kiu baada ya kutwa nzima mbele ya moto. Walizitengeneza wanywee maji.