Cherehani Kuukuu: Bei Gani Ni ya Haki?

Baada ya mavuno, nyumba nyingi za Kongwa, Mpwapwa na Kondoa huwa na fedha kidogo mkononi, na hapo ndipo watu waanzapo kuulizia cherehani iliyokwisha tumika. Mama auza alizeti au mbuzi wawili ili binti aliyejifunza kushona apate chombo chake. Fedha hiyo ikipotea, hairudi mpaka mvua ya mwaka mwingine.

Kongwa wana sababu ya kulijua jambo hili. Serikali ya Uingereza ilipoanzisha pale shamba kubwa la karanga mwaka 1947, ilileta matrekta yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino. Kabla mwaka haujaisha, mengi yalikuwa yamelala porini. Mpango wenyewe ulivunjwa mwaka 1951. Ikiwa mabwana wale, pamoja na mafundi wao, waliuziwa mbuzi kwenye gunia, sembuse sisi.

Basi kwanza uliza mjini bei ya cherehani mpya. Mimi huanza na nusu ya bei hiyo kwa cherehani kuukuu inayoshona vizuri, kisha napunguza. Tuseme mpya ni shilingi 300,000. Nusu yake ni 150,000. Mkanda umekwisha na kikopo cha bobini kimelika. Fundi ataka 25,000. Nauli ya kuifikisha kijijini 10,000. Usizidi 115,000.

Umri usikutishe. Singer nyeusi ya chuma, ambayo namba yake huanza na E ikifuatwa na herufi nyingine, ilitengenezwa Clydebank, Scotland, tangu mwaka 1935 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini cherehani zake zingali zashona barazani. Za Kipepeo kutoka China, nyingi zilifuata mfano wa Singer namba 15, hata vipuri vingi huingiliana. Hilo huongeza thamani, kwa maana cherehani isiyopatikana vipuri ni chuma chakavu tu.

Nenda na kitambaa chako mwenyewe, kipande cha kanga na kipande cha jinzi. Cha muuzaji usikitumie. Yeye ajua tangu zamani kipi kinapita. Zungusha gurudumu polepole kwa mkono. Likigonga mahali pale pale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au kimelika. Kisha shona, utazame mshono juu na chini.

Na iliyokwama je? Kama ni kutu ya ndani, iache. Lakini huku kwetu wengi huitia mafuta ya kupikia, nayo yakichanganyika na vumbi la Dodoma huwa gundi. Tia matone ya mafuta ya taa, ingoje usiku mmoja, futa, kisha tia mafuta ya cherehani. Mara nyingi itazunguka.

Hapo ndipo penye swali gumu. Mjane auza cherehani ya marehemu mumewe kwa bei ya chuma chakavu kwa kuwa imekwama, nawe waona ni gundi tu. Mwambie. Mpe bei ya cherehani, ukiondoa kazi yako na hatari ya kukosea. Muuzaji naye, akijua jino limevunjika, aseme kabla fedha hazijahesabiwa.

Mkikubaliana, andikeni karatasi yenye namba ya cherehani, bei, tarehe na mashahidi wawili, mmoja wao mwenyekiti wa kitongoji ikiwezekana. Cherehani za wizi nazo huuzwa.