Duma: Bendi ya giza, si ya mnyama

KATIKA Kiswahili, duma ni mnyama wa mbio. Lakini Mkikuyu wa Nakuru au Njoro atasikia humo neno ‘nduma’, yaani giza, na hiyo ndiyo maana waliyoikusudia wanamuziki wawili wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu.

Roki yao ni kali mno: mayowe, gitaa lingurumalo na ngoma za kompyuta. Redioni muziki wa namna hii hauna pa kukaa. Albamu yao ya 2020 ilitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes, ikasambaa kwa intaneti.

Mwaka 2024 Khanja, kwa jina la Lord Spikeheart, alitoa The Adept kumuenzi Jemadari Muthoni wa Kirima wa Mau Mau, aliyefariki 2023, ambaye humtaja kuwa nyanya wa mzazi wake.