Pumzi Kwanza, Simulizi Baadaye

Mtoto aliyefiwa na mzazi, akiwa darasani moyo unamwenda mbio na tumbo linamsokota, huambiwa ajikaze. Hawezi, maana yanayompata hayatoki kwenye utashi wake. Penye hatari ubongo huamuru adrenalini imwagike, misuli ikaze na pumzi iwe fupi. Kwa mwenye kiwewe, amri hiyo huendelea hata hatari ikishapita. Hapo watetezi wa tiba zinazoanzia mwilini wana hoja nzito. Moyo hauamrishiki, pumzi huamrishika, na kuitoa polepole huamsha neva ya vagasi ambayo hupunguza mapigo.

Lakini pumzi peke yake haitoshi, na nikitafuta ushahidi sihitaji kwenda mbali na Moshi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwahusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote, nusu wa eneo la Moshi, nusu wa Bungoma, Kenya. Washauri hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Katika vikao 12 vya vikundi, pamoja na vichache vya mtoto mmoja mmoja, watoto walifundishwa kutuliza mwili, kisha kidogo kidogo wakakikabili kifo chenyewe kwa kukisimulia. Kwa jinsi ninavyoielewa tiba hii, utulivu ni maandalizi: mtoto anayetetemeka hasimulii, anakimbia.

Mwenye shaka atauliza faida ilikuwa wapi, na ana haki. Mwishoni mwa vikao, waliotibiwa Bungoma na Moshi mjini walikuwa na nafuu kuliko wenzao wa huduma za kawaida. Katika vijiji vya Moshi tofauti haikuonekana. Baada ya mwaka, Bungoma bado walikuwa mbele, ilhali upande wa Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu karibu sawa. Basi muda nao hutibu, na huenda ndugu na majirani pia. Hata hivyo, kumpunguzia mtoto miezi ya jinamizi si jambo dogo.

Yoga nayo ina ushahidi: Marekani, mwaka 2014, ilijaribiwa kwa wanawake 64 wenye kiwewe sugu, na zaidi ya nusu ya walioifanya hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya takriban mmoja kati ya watano kwenye kundi la ulinganisho. Ni utafiti mdogo, tena wa wanawake pekee. Mazoezi ya kutikisa mwili ili “kutoa” kiwewe, yanayosifiwa sana, yana ushahidi mwembamba zaidi. Na kabla ya yote, moyo unaokwenda mbio upimwe hospitalini: upungufu wa damu na tezi ya shingo iliyozidisha kazi hutoa dalili hiyohiyo, wala haviponi kwa pumzi ndefu.