Namba ya Euler Iliyomo Ndani ya Kompyuta

Anza na 1, izidishe kwa 2 mara 31, kisha punguza 1. Utapata 2,147,483,647. Hii ni namba tasa: haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe.

Aliyelithibitisha hilo, mwaka 1772, ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akiishi St. Petersburg, Urusi. Wakati huo alikuwa karibu kipofu kabisa. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo, mbali na 1, kisichozidi kipeuo chake cha pili, na kwa namba hii kipeuo hicho ni kama 46,340. Chini ya hapo zimo namba tasa zaidi ya 4,700. Kuzijaribu zote kwa mkono ni adhabu. Euler aligundua kwamba kigawo chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Sharti hilo moja lilizichuja namba tasa za kujaribiwa zikabaki zisizofika mia. Hakuna hata moja iliyoigawa. Huo ndio ufundi wa hisabati unaostahili kufundishwa shuleni: kufikiri kwanza, kukokotoa baadaye.

Ukiizidisha namba hiyo kwa 2 kipeo cha 30, unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni namba kamilifu. Yaani, vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe vikijumlishwa vinairudisha ileile, kama 6 inavyopatikana kwa 1+2+3. Mwingereza Peter Barlow aliandika mwaka 1811 kwamba hakuna namba kamilifu kubwa zaidi itakayowahi kupatikana, kwani namba hizo ni za udadisi tu, hazina faida.

Alikosea. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kuwa 2 kipeo cha 127, ukitoa 1, ni tasa yenye tarakimu 39, na kutokana nayo ikapatikana namba kamilifu kubwa zaidi. Oktoba 2024 ilitangazwa tasa ya aina hiyohiyo yenye tarakimu 41,024,320.

Faida nayo ilikuja kupitia kompyuta. Mashine inayotunza namba kwa biti 32 (tarakimu za 0 au 1) hutumia moja kuonyesha kama namba ni chanya au hasi; 31 zinazobaki zinaishia hasa kwenye namba ya Euler. Desemba 2014 video ya wimbo Gangnam Style ilivuka kiwango hicho cha mara za kutazamwa, na YouTube ikalazimika kupanua kihesabio chake hadi biti 64.

Saa za kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zile za biti 32 zitafika kikomo hichohicho Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata zitaruka nyuma hadi Desemba 1901. Mifumo mingi mipya tayari inatumia biti 64; wenye mitambo ya zamani waikague mapema.