Herufi Moja Yaweza Kupoteza Wengi

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hunijia akilini kila nisikiapo wataalamu wa tarakilishi wakimbeza mtu aliyejitolea kusahihisha tahajia katika maelezo ya programu huria. Kwao, hiyo ni kazi ya wasio na kazi. Nadiriki kusema kwamba wamepotoka.

Programu huria, mathalani Linux iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, ni mali ambayo yeyote ana idhini ya kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Idhini hiyo huhusu pia maelezo yanayomwongoza mtumiaji, na maelezo hayo ndiyo mlango anaoingilia mgeni.

Hebu msomaji ayatazame maneno 'funga' na 'fungua'. Yanatofautiana kwa herufi moja tu, ilhali maana zake ni kinyume. Vivyo hivyo 'futa' na 'fuata'. Anayeagizwa kuifuta orodha aliyopaswa kuifuata atamlilia nani? Isitoshe, programu ya kukagua tahajia haitaliona kosa hilo, kwa kuwa maneno yote hayo ni Kiswahili sanifu. Panahitajika jicho la mjuzi wa lugha.

Aidha, kosa likiachwa huota mizizi. Mwaka 1996 ulichapishwa waraka wa HTTP, yaani kanuni ambazo tarakilishi hufuata zinapopeana kurasa za intaneti. Humo neno la Kiingereza 'referrer' liliandikwa 'Referer', likapungukiwa na 'r' moja. Programu nyingi zimejengwa juu ya kosa hilo, na hadi leo halijaondolewa. Atakayeirejesha herufi hiyo katika programu yake hataeleweka na nyingine!

Hapa pana funzo kwa msahihishaji: atenganishe maelezo na amri. Neno lililokosewa katika maelezo na lisahihishwe mara moja. Lililokwisha kuwa jina la amri lisiguswe bila idhini ya wenye mradi.

Hata hivyo, si kila asahihishaye hutenda wema. Oktoba 2020, tamasha la Hacktoberfest liliahidi fulana kwa waliochangia marekebisho manne katika programu huria. Wasimamizi wa miradi wakafurikwa na mabadiliko yasiyo na maana, hata waandaaji wakaamua kwamba ni miradi iliyoridhia tu itakayoshirikishwa. Sahihisho la kutafutia fulana humchosha mwenye mradi, naye humtilia shaka hata msahihishaji mwaminifu. Mwungwana husoma ukurasa mzima, huyakusanya makosa yake pamoja, hueleza sababu, kisha huyawasilisha kwa adabu.

Kazi hii inatuhusu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu huria inayozungumza Kiswahili. Walithibitisha kuwa lugha yetu haikosi nafasi katika tarakilishi. Sisi wanaisimu, tuliozoea kulalamika kwamba Kiswahili kinaborongwa, mlango tumefunguliwa. Kalamu nyekundu tunayowachapia wanafunzi wetu na ipelekwe huko pia, kabla ufa haujawa ukuta.