Mtoto Wako "Hana Akili"? Mtazame Tena

Ripoti ya shule inapofika nyumbani, macho ya wengi wetu hukimbilia mahali pamoja tu: nafasi aliyoshika mtoto darasani. Akiwa wa 5, tunashangilia. Akiwa wa 87 kati ya 110, nyumba inanyamaza. Kisha mtu mmojawapo, pengine baba, pengine shangazi, pengine sisi wenyewe, anatamka lile neno: "Huyu mtoto ni mzito. Kichwani hamna kitu."

Wapendwa akina mama, neno hilo lina gharama kubwa kuliko karo na sare. Katika vijiji vya kando ya ziwa, mathalani pale Kigongo wilayani Misungwi, mvulana aliyeitwa mzito huanza kukosa shule siku mbili kwa wiki ili akavute nyavu, na baadaye haendi tena. Binti aliyeitwa mzito hutafutiwa kazi ya ndani mjini Mwanza, au huozwa mapema, kwa kuwa "hata hivyo masomo hayamwingii". Hukumu hiyo ikishatolewa ni vigumu kuifuta. Kwa hiyo yafaa tujiulize kabla ya kuitoa: Je, ni kweli mtoto huyu hawezi kujifunza? Au kuna kitu kimesimama mlangoni kinachozuia masomo yasiingie?

Hesabu za kivukoni

Kwa miaka mingi Kigongo palikuwa mahali pa kusubiri. Mabasi na malori yaliyokwenda Sengerema na Geita yalipanga foleni hapo, yakingojea kivuko kivuke hadi Busisi. Tarehe 19 Juni 2025 lilizinduliwa Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa 3, na foleni ile ikawa historia. Lakini waliowahi kusubiri pale wanawakumbuka wachuuzi, wakubwa kwa wadogo, waliokimbilia madirishani na ndizi, karanga na samaki wa kukaanga. Abiria ananunua vitu vitatu vya bei mbalimbali, anatoa noti ya elfu kumi, na chenji inarudi sawasawa kabla basi halijaondoka. Hakuna kalamu wala karatasi.

Mpe mtoto wa namna hiyo hesabu ileile ubaoni, uone atakavyokodoa macho!

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 watafiti watatu wa Brazil walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika mji wa Recife. Waliwaendea watoto watano, wenye umri wa miaka 9 hadi 15, waliokuwa wakiuza nazi na vitu vingine barabarani, wakawauliza bei kama wanunuzi wa kawaida. Katika kila maswali 100, watoto walipata kama 98. Baadaye wakawapa hesabu za aina ileile kwa maandishi, kama za shuleni. Safari hii walipata kama 37 tu kati ya 100. Mtoto mmoja aliulizwa bei ya nazi kumi. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundishwa. Alihesabu nazi tatu, akaongeza tatu nyingine, na tatu nyingine, kisha moja, akapata jibu sahihi.

Tunajifunza nini hapo? Kwamba akili ya hesabu ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni daraja la kuunganisha hesabu ya sokoni na ile ya daftarini. Kumjengea mtoto daraja hilo ndiyo kazi ya mwalimu, na ndiyo kazi yetu pia.

Je, kila mtoto ana njia yake moja?

Siku hizi tunasikia katika semina na redioni kwamba watoto wamegawanyika: kuna wanaojifunza kwa macho, wanaojifunza kwa masikio, na wanaojifunza kwa mikono. Wazazi wengine wamekwisha kuwagawa watoto wao: "Huyu wa kwanza ni wa kusoma, yule wa pili ni wa kusikiliza tu."

Tuwe waangalifu. Ni kweli watoto hawafanani. Mmoja huelewa haraka, mwingine polepole. Mmoja hupenda kuchora, mwingine kuimba. Lakini mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani walipitia tafiti zilizokuwapo kuhusu madai hayo. Hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa njia moja inayosemekana kuwa ni yake. Tukimwambia mtoto "wewe ni wa mikono, vitabu si vyako", tumembandika jina jingine tu mahali pa lile la "mzito".

Linalosaidia zaidi ni somo moja kumfikia kila mtoto kwa njia kadhaa. Sehemu ya robo ieleweke kwa kukata chungwa, kwa kuichora, kwa kuieleza kwa maneno, na mwishowe kwa kuiandika. Mtoto asiyeshika mara ya kwanza atashika mara ya tatu, na yule aliyeshika mara ya kwanza atazidi kuimarika.

Kilichosimama mlangoni

Kabla ya kusema akili haipo, tuvichunguze vizuizi hivi vinne, ambavyo katika Kanda ya Ziwa hatuwezi kuvipuuza.

*Lugha.* Watoto wengi wa Usukumani huanza shule wakiwa wameongea Kisukuma tangu kuzaliwa. Mwalimu anafundisha kwa Kiswahili. Mtoto anajua kuhesabu ng'ombe wa babu yake bila kukosea, lakini hajui mwalimu ameuliza nini. Kunyamaza kwake kunaitwa ujinga. Katika mikoa jirani ya Shinyanga, Simiyu na Mara, mradi wa EQUIP-Tanzania ulioanza mwaka 2014 ulikuwa na programu ya kuwaandaa watoto wa namna hiyo kwa hadithi, nyimbo na michezo kabla hawajaingia darasa la kwanza. Tusidhani dawa ni kuacha Kisukuma nyumbani. Mtoto mwenye hadithi nyingi kwa lugha ya mama yake ana hazina ya mawazo ya kuhamishia katika Kiswahili.

*Macho na masikio.* Mtoto anayekunja uso akitazama ubao, anayenakili makosa kutoka kwa jirani, au asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, apelekwe zahanati, na ikibidi hospitali kubwa kama Bugando mjini Mwanza. Wakati mwingine kumhamishia dawati la mbele tu kunatosha.

*Kichocho.* Huu ni ugonjwa wetu wa ziwani. Watoto wanapooga, kuteka maji na kucheza ufukweni, vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozini. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kichocho huweza kumpunguzia mtoto damu, kumdumaza na kudhoofisha uwezo wake wa kujifunza. Mtoto anasinzia darasani, anaitwa mvivu, kumbe ni mgonjwa. Dawa ya kichocho inapotolewa shuleni, tusiwafiche watoto wetu kwa sababu ya uvumi. Tuwape chakula kabla ya kumeza, na tuwaruhusu wameze.

*Hofu.* Mtoto anayeogopa fimbo au kuchekwa hainui mkono. Asiyeuliza habaki na swali tu, hubaki nyuma. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na nchi yetu ina mfano bora wa jambo hilo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza barafu ya maziwa pamoja na wenzake. Akihofia kukosa nafasi katika friji, aliweka maziwa yake yakiwa bado ya moto, nayo yakaganda mapema kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na hadi leo wanasayansi duniani wanabishana juu ya jambo linaloitwa kwa jina la kijana huyo. Je, ni akina Mpemba wangapi tumekwisha kuwanyamazisha jikoni kwetu kwa kusema, "Acha maswali, kula"?

"Siku hizi wanacheza tu"

Akina mama wengine hulalamika: "Zamani tulikariri, tukajua. Leo mtoto anarudi na vizibo vya soda mfukoni, daftari halina kitu." Malalamiko hayo tunayaelewa, kwani wengi wetu tulisoma kwa kuimba majibu ubaoni.

Lakini wazo la kujifunza kwa kutenda si geni kwetu. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akitaka shule iwaandae watoto kwa maisha ya jamii yao na kuwajengea moyo wa kuhoji na kufikiri. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari uligeuzwa ili ujenge umahiri, yaani mtoto aweze kufanya jambo, si kulitaja tu. Mwaka 2015 madarasa ya kwanza na la pili yalipunguziwa mzigo wa masomo ili nguvu iwekwe katika KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Januari 2024 mitaala mipya ikaanza kutumika kwa baadhi ya madarasa. Kwa hiyo vizibo, vijiti na mawe ni vitabu vya mtoto mdogo. Akivipanga kumikumi leo, kesho ataelewa makumi na mamoja.

Hata hivyo tuseme kweli. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia katika chumba kimoja hawezi kumfikia kila mmoja kwa njia nne. Mwaka 2011 uchunguzi wa Uwezo ulionyesha kwamba, nchini Tanzania, ni watoto 3 tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Sera njema peke yake haitoshi. Nyumba nayo ina sehemu yake.

Tufanye nini nyumbani?

Haya hayahitaji fedha, wala mama hahitaji kuwa amesoma sana.

1. *Mwambie akufundishe.* Jioni, mnapochambua dagaa, mwulize: "Leo mmejifunza nini? Nieleze." Asitazame daftari. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani waliwalinganisha wanafunzi waliosoma habari mara mbili na wale waliosoma mara moja kisha wakajaribu kuikumbuka bila kutazama. Baada ya juma moja, waliosoma mara mbili walikumbuka asilimia 42. Waliojipima walikumbuka asilimia 56. Kukumbuka ndiko kunakokaza fundo.

2. *Rudia baada ya siku chache.* Swali la Jumatatu liulize tena Alhamisi, na tena juma lijalo. Kidogo kidogo mara nyingi hushinda usiku mmoja wa kukesha kabla ya mtihani.

3. *Tumia vitendawili na michezo.* "Kalagu!" "Kize!" Bibi zetu walikuwa walimu hodari. Kitendawili humlazimisha mtoto kufikiri kabla ya kupewa jibu. Mchezo wa isolo, yaani bao la Kisukuma, humzoeza kuhesabu na kupanga mbele.

4. *Unganisha soko na daftari.* Mtoto akishajua kwamba sado tatu za dagaa ni shilingi ngapi, mwambie: "Sasa iandike kama mwalimu anavyoandika." Hapo ndipo daraja linapojengwa.

5. *Mtembelee mwalimu kabla ya matokeo.* Usiende kugombana. Uliza: "Anakaa wapi? Anauliza maswali? Anakwama wapi?" Mwalimu anayejua kwamba mama anafuatilia atamtazama mtoto huyo mara mbili.

6. *Sifu juhudi, usilinganishe.* "Jana ulisoma mstari mmoja, leo mitatu" humjenga. "Mbona dada yako hakuwa hivi?" humvunja.

Baba naye ashirikishwe. Mtoto anayeona wazazi wote wawili wanalijali daftari lake hujua kwamba shule si jambo la mama peke yake.

Watoto tuliojaliwa hawakuja wote kwa mwendo mmoja, na wengine watahitaji msaada wa pekee miaka yote. Hao pia wana haki yao ya kufundishwa. Basi ripoti ijayo itakapofika, tusianze na nafasi aliyoshika. Tuanze na maswali matatu: Anaelewa lugha anayofundishwa? Anaona, anasikia, na afya yake ni njema? Amepata nafasi ya kutenda na kueleza, au amenakili tu? Tukishayajibu, tutakuwa na la kufanya kesho asubuhi. Neno "mzito" halimpi mama la kufanya. Humfanya akate tamaa tu, na mama akikata tamaa, mtoto atashikwa mkono na nani?